Usumba Ndani ya Volkswagen

Mtu anapoamua kufufua gari la zamani, fedha huanzia kwenye injini, zikahamia kwenye bodi, zikaishia kwenye rangi. Viti hungoja. Hukaa stoo chini ya turubai miezi kadhaa, na siku gari linaporudi linang'aa, mfuko umekauka na subira imekwisha. Hapo ndipo viti hupakiwa kwenye kigari cha mizigo, Kirikuu, vikapelekwa kwa fundi makochi wa Keko, Dar es Salaam, au wa popote pengine, kwa agizo moja tu: nivalishie leza mpya.

Fundi ameambiwa avalishe, naye anavalisha. Anafumua kava lililochakaa, anakuta chini yake kitu cha kahawia kinachomwaga vumbi, anakitupa. Anakata sponji ya godoro inayotosha kujaza pengo, anaigundisha, anavuta leza juu yake, kisha anaishona kwa mistari ya almasi kwa kuwa ndiyo inayotamba mjini. Kwenye picha kiti kinavutia. Mwenye gari anapokikalia, kichwa kinakaribia paa na mapaja yanasuguana na usukani. Akipita kwenye tuta, mwili unarushwa juu. Joto la msimu mmoja likishapita, katikati ya kiti pamebonyea na leza imebaki na mikunjo.

Agizo ndilo lililopotoka. Kiti cha gari la zamani hujengwa kuanzia chini kwenda juu, na kava ni kazi ya mwisho. Anayeanzia kwenye kava hulipa mara mbili, tena mara ya pili hulipa zaidi, kwa sababu vile vitu alivyovitupa mwanzoni sasa inabidi avitafute.

Chukua Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, Beetle. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla ya ya mwisho kutoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, kwa hiyo habari zake zinajulikana na spea zake bado zinatengenezwa. Afrika Mashariki nayo haiijui kwa kusimuliwa. Vic Preston alishinda nayo Safari Rally mwaka 1954, Gus Hofmann akashinda nayo 1957, na Tommy Fjastad 1962, kwenye njia za vumbi na tope ambazo ziliwavunja wenye magari ya bei kubwa. Wengi wetu tuna mjomba aliyewahi kuwa nayo, au jirani ambaye yake ilikufa chini ya mwembe na kuku wakataga ndani.

Ukifungua kiti chake hukuti sponji. Chini kuna fremu ya chuma, na ndani ya fremu kuna kitanda cha springi za waya. Juu ya springi kumetandikwa gunia. Juu ya gunia kuna tabaka nene la nyuzi za kahawia zilizoshikamana, halafu pamba, na mwisho kava. Kila tabaka lina kazi. Springi hubeba uzito. Gunia huzuia waya usichimbe kilicho juu yake. Nyuzi hutawanya uzito na kupitisha hewa, ndiyo maana viti hivi havimchemshi mtu mgongo kama vya sponji. Pamba huficha ukwaru wa nyuzi. Kava huzuia jasho na vumbi, na hulipa gari sura. Toa moja kati ya hayo, na matabaka mengine yatafanya kazi ambayo hayakuumbiwa.

Zile nyuzi za kahawia ndizo zinazotuhusu sisi watu wa pwani. Ni mchanganyiko wa singa za wanyama na nyuzi za makumbi ya nazi. Kiwandani hunyunyiziwa utomvu wa mpira, hukandamizwa kwenye umbo la kiti, kisha hupitishwa kwenye joto ili mpira ushike kila nyuzi mbili zinapokutana. Kinachotoka ni kitu chepesi chenye matundu kila mahali, kinachonepa kikikaliwa na kurudi kikiachwa. Ile harufu ya Volkswagen kuukuu, ambayo mtu akiinusa hata akiwa amefumba macho ataitaja, kwa sehemu kubwa hutoka humo. Mercedes-Benz nayo iliamini nyuzi hizo kwa muda mrefu. W123, gari lililozinduliwa mwaka 1976 na ambalo hapa kwetu lilibeba mabalozi na wafanyabiashara kabla ya kuishia kwenye teksi, lina kiti cha mapishi hayohayo: springi chini, nyuzi zenye mpira juu.

Yaani kile ambacho fundi anakitupa jalalani Dar es Salaam ni binamu wa usumba unaotengenezwa Unguja. Kwenye vijiji vya mashariki ya kisiwa, Paje, Bwejuu na Jambiani, akina mama hufukia makumbi kwenye mchanga wa pwani, pale maji yanapojaa na kutoka, na kuyazungushia mawe ili kila mtu ajue shimo lake. Makumbi hukaa humo miezi mingi mpaka nyama ya kumbi ioze na nyuzi zibaki. Kisha hufukuliwa, hupigwa kwa vigongo, huoshwa, huanikwa, na nyuzi husokotwa kamba kwa viganja. Kamba hizo zimefunga majahazi na vitanda tangu kale, na usumba ambao haukusokotwa ulijazwa magodoro. Babu zetu walilala juu ya kitu ambacho Wajerumani walikiweka kwenye viti vya magari yao.

Tena wengine wameuona utajiri huo. Katika miaka ya 1990, huko Belém kaskazini mwa Brazil, Daimler-Benz ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Pará katika mradi ulioitwa POEMA. Nyuzi za nazi kutoka kwa wakulima wadogo zilichanganywa na utomvu wa mpira, zikatengenezewa viegemeo vya kichwa vya malori. Sisi tuna minazi, tuna mikono inayojua kazi, na bado makumbi mengi tunayachoma moto.

Je, usumba wa Unguja unaweza kurudi kwenye kiti cha Volkswagen? Unaweza, kwa masharti. Mafundi wa samani wa zamani, kabla ya sponji kuenea, walijaza viti kwa nyuzi zisizo na mpira. Walizichambua hadi zikajaa hewa, wakazipanga juu ya gunia, kisha wakazifunga kwa mishono mirefu inayopenya mpaka chini ili zisihame. Kazi hiyo haijasahaulika kabisa. Sharti kubwa ni chumvi. Usumba uliooza baharini una chumvi ndani yake, na chumvi huvuta unyevu. Ukiulaza juu ya springi kama ulivyo, umeziwekea kutu kitandani. Uoshwe kwa maji ya kisima zaidi ya mara moja, uanikwe mpaka ukauke kabisa, na springi zenyewe ziwe zimeshapakwa rangi. Asiyetaka usumbufu huo ataagiza tabaka lililokwisha kuumbwa kiwandani. Kampuni kama TMI Products ya Marekani hutengeneza makava na vijazio vya viti vya Volkswagen za zamani. Huja kwa meli na ushuru juu, lakini umbo huwa limeshapatikana.

Turudi chini, kwenye chuma, kwa maana huko ndiko kazi inakoanzia.

Kabla ya kukata uzi wowote, piga picha kila upande na pima urefu wa kiti kutoka sakafuni, kikiwa kitupu na kikiwa kimekaliwa. Kiti cha dereva kisikudanganye. Dereva huingia na kutoka akikandamiza ukingo wa upande wa mlango kwa makalio yake, kwa hiyo ukingo huo huwa umelala kabisa, na ukitengeneza kwa kufuata umbo hilo utakuwa umenakili ugonjwa. Angalia kiti cha abiria wa mbele, ambacho hukaliwa mara chache zaidi. Umbo lake ukiligeuza kulia kuwa kushoto ndilo la kufuata.

Kava la Beetle limeshikwa kwenye fremu kwa meno ya chuma yanayokunjwa juu ya ukingo wake, na kwingine kwa pete za waya. Meno hayo ni sehemu ya fremu yenyewe. Yakunjue taratibu kwa bisibisi pana, kwani ukiyakunja na kuyakunjua ovyo yatakatika, na jino lililokatika halina duka linakouzwa. Pete zikate tu, mpya zipo. Kava lenyewe, hata likiwa limechanika vipande vipande, usilitupe.

Sasa springi. Wapo wanaozisafisha kwa moto: fremu humwagiwa petroli, nyuzi zilizobaki zikaungua, na mtu akajisifu kuwa ameokoa muda. Ameiua springi. Waya wa springi ulipewa ugumu wake kiwandani, na moto wa jalalani huuondoa ugumu huo. Baadaye itanepa na haitarudi. Kulehemu springi iliyokatika kuna shida hiyohiyo, sehemu iliyo karibu na weldi hulegea au hukatika tena. Ni bora kutafuta springi ya kiti kingine kilichokufa, uikate ikiwa nzima na kuifunga mahali pake kwa waya. Kutu iondolewe kwa brashi ya waya na msasa, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu mpaka ndani ya mapindo. Kwa gari la Tanga, Mombasa au Zanzibar hilo la rangi si la hiari. Na kama kutu iko upande mmoja tu wa kiti, usiishie kwenye kiti. Tazama mpira wa kioo ulio juu yake, maana maji yana njia yaliyopitia.

Juu ya springi weka gunia zito, lishonwe kwenye waya kwa sindano ya kupinda na uzi imara. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na madhara yake huonekana baada ya miezi: springi hula sponji kutoka chini, mpaka siku moja dereva anahisi waya.

Nimeitaja sponji kwa ukali, lakini siyo adui. Magari mengi ya zamani yalizaliwa nayo. Kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilikuwa tayari imetengeneza sponji ya utomvu wa mpira mwishoni mwa miaka ya 1920. Ile ya polyurethane, tunayoilalia leo, ilitokana na kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, ikaenea kwenye samani na magari kuanzia miaka ya 1950. Kwenye Citroën DS sponji nene ndiyo sehemu kubwa ya raha ya kiti. Kwa hiyo ujue kwanza gari lako lilizaliwa na nini. Mini ya kwanza ilikalisha watu juu ya mikanda ya mpira. Citroën 2CV ilitundika kitambaa cha kiti kwenye mabomba kwa mipira inayovutika. Land Rover ya shamba haikuwa na makuu, ni sponji juu ya ubao, na basi. Dawa ya kiti kimoja ni sumu ya kingine.

Kwa gari lililozaliwa na sponji, au kwa mwenye Beetle aliyeamua kuwa nyuzi zimemshinda, jambo ni kuchagua. Sponji huzeeka hata isipokaliwa. Hewa, joto, jasho na unyevu huivunja taratibu mpaka inakuwa unga wa njano, na hakuna dawa ya kuirudisha. Dukani utaulizwa unataka laini au ngumu. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni uzito, yaani kilo ngapi za sponji zimo kwenye mita moja ya ujazo, kwa sababu uzito ndio unaoamua itadumu muda gani. Sponji inaweza kuwa ngumu mkononi na bado ikawa nyepesi, iliyojaa hewa, na hiyo ndiyo inayobonyea kabla ya mwaka.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Omba kipande chenye sentimeta 10 kila upande, kiweke kwenye mizani ya jikoni. Gramu utakazosoma ndizo kilo kwa mita ya ujazo: gramu 18 ni sponji ya kilo 18. Magodoro ya bei nafuu mara nyingi huwa chini ya 20. Kwa kiti cha dereva tafuta 40 kwenda juu, na ya kuegemea mgongo inaweza kuwa nyepesi kidogo. Muuzaji akikataa kukukatia kipande, umeshapata jibu.

Kata kwa kisu kirefu chenye meno kama cha mkate, na kata kubwa kidogo kuliko kipimo ili kava liikaze. Usijaze unene ili kuficha springi mbovu, maana huko ndiko kichwa kinakoanza kugusa paa. Gundi ipakwe mbali na pale makalio yanapotua, kwani ikikauka huacha mstari mgumu utakaousikia Chalinze, ukaulaani Morogoro. Juu ya sponji weka tabaka jembamba la pamba ya poliesta. Huondoa mikunjo na huruhusu kava kuteleza wakati wa kuvalisha.

Ndipo tufike kwenye kava. Lile la zamani ulilolihifadhi sasa linafumuliwa mshono kwa mshono, kila kipande kikaandikwa kalamu: mbele, nyuma, kulia, kushoto, katikati. Hivyo ndivyo ruwaza inavyopatikana. Lakini leza ya zamani husinyaa. Vile vitu vilivyoifanya iwe laini huihama miaka ikipita, hasa juani, ndiyo maana hukakamaa na kupasuka. Kipande cha zamani, basi, ni kidogo kuliko kilivyokuwa siku kilipokatwa, na anayekinakili bila kuongeza atapata kava lisilofika kwenye meno. Lijaribu kwanza kwa kitambaa cha bei rahisi.

Uzi uwe wa poliesta au nailoni. Wa pamba huoza. Mishono iwe mirefu kiasi. Cherehani ikitoboa matundu ya karibukaribu, leza itachanika kwenye mstari huohuo siku ya kwanza mtu mwenye mwili akikaa. Pembeni kuna paipini, ule mkunjo wa mviringo unaofuata ukingo wa kiti, na hapo ndipo fundi hodari hujulikana, kwa kuwa paipini iliyopinda haifichiki. Beetle za baadaye zina ugumu wake: mistari ya katikati ya kava haikushonwa, ilichomelewa kwa joto kiwandani. Ukiishona kwa uzi, kiti kitakuwa kizuri, ila mjuzi atatambua kutoka mlangoni.

Je, tofauti hiyo ina umuhimu gani? Inategemea gari linakwenda wapi. Kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano yanayofanyika Nairobi tangu 1970, waamuzi huingia mpaka ndani ya gari, na viti vina alama zake. Mwenye gari la kupeleka watoto ufukweni Jumapili hana mwamuzi. Maoni yangu ni kwamba mistari ya almasi kwenye Volkswagen ya mwaka 1965 ni kilemba kizuri juu ya kichwa kisicho chake. Lakini hilo hubadilishwa siku yoyote kwa kushona upya. Springi zilizochomwa moto na nyuzi zilizotupwa hazirudi, kwa hiyo ukiwa na hamu ya kuharibu kitu, haribu cha juu.

Siku ya kuvalisha, anika makava juani saa moja. Wenzetu wa Ulaya hutumia hita na mvuke, sisi jua limetupa bure. Leza ikipata joto hulainika na kunyooka. Anza katikati ya ukingo wa mbele, vuta kwenda nyuma, kisha toka katikati kwenda kwenye kona, kona ziwe za mwisho. Usikunje meno mpaka uwe umeridhika na mistari, kwa sababu kila kukunjua ni hatari ya kuyakata. Mkunjo mdogo uliobaki utaondoka wenyewe gari likikaa juani siku chache.

Limebaki jambo moja, nalo ni la usalama. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Springi za kiti hicho ni chuma, na abiria akikaa hushuka. Zikigusa nguzo za betri, umeme hukimbia kwenye waya, waya huwaka mwekundu, na juu yake kuna gunia kavu na nyuzi zenye mpira. Beetle nyingi duniani zimeungua hivyo, nyingine muda mfupi baada ya viti vyake kutengenezwa upya. Kiwanda kiliweka kifuniko juu ya betri kuzuia jambo hilo, ila katika magari mengi kifuniko kilishapotea zamani, na betri za siku hizi huenda zikawa ndefu kuliko ya asili. Tafuta kifuniko cha plastiki kinachofunika nguzo zote mbili na ukifunge kwa mkanda. Paka masizi kidogo juu yake, rudisha kiti, mkalishe mtu mzito aruke-ruke kidogo, kisha inua kiti utazame. Masizi yakiwa na alama ya waya, betri hiyo ni ndefu mno kwa gari lako. Nunua fupi kabla hujawasha injini.